Mashine Juu ya Meza ya Chakula

Wiki aliyoambiwa apumzike, Bi Mihuri alinunua mashine.

Hakununua cherehani, wala mashine ya kusagia viungo, vitu ambavyo binti yake angevielewa. Aliuza kibanda chake cha kazi na kununua mashine ndogo ya kuchonga metali, ile inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta, ambayo mafundi wanaiita CNC. Akaipandisha juu ya meza ya chakula, katikati ya sebule, akaifunga kwa bolti zilizotoboa mbao hadi chini. Tangu siku hiyo, aliyetaka kula katika nyumba ile alikula sahani ikiwa mapajani.

Jina la Bi Mihuri alipewa na mtaa, na alilistahili. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa kwenye kibanda kando ya mahakama akichonga mihuri kwa mkono: ya shule, ya vyama vya ushirika, ya maduka ya dawa, ya mawakili wenye majina marefu kuliko kesi zao. Kipande cha shaba kwenye jiliwa, kile kibano cha mafundi, patasi nyembamba mkononi, lenzi jichoni, na herufi zote zikiandikwa kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, ili zikigongwa kwenye karatasi zisomeke sawasawa. Ilifika mahali hakuwa akifikiri tena. Ungemwonyesha gazeti ndani ya kioo angelisoma bila kukwama, na barua ya kawaida ndiyo ilimchukua muda.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Daktari alimwambia ni mtetemo wa umri tu, hauui wala hauponi. Kwa mkulima au mwalimu labda hilo lingekuwa jambo la kuzoea. Kwa mtu anayekula kwa ncha ya patasi ilikuwa sawa na kuambiwa afunge mdomo. Muhuri wa shule moja ulitoka na herufi iliyolala upande kama mlevi, na mwalimu mkuu akaurudisha kwa heshima nyingi, akisema hana haraka, mama asijisumbue. Heshima hiyo ndiyo iliyomuuma. Angetukanwa angejua la kujibu.

Binti yake alikuwa muuguzi, na muuguzi hasa. Alizoea kuwaambia watu wazima "tulale sasa" na watu wazima wakalala. Alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa mji, yenye chumba kilichopakwa rangi mpya kwa ajili ya mama, na dirisha linalopata jua la asubuhi. Alipoona muhuri uliorudishwa, alimshika mama yake mikono yote miwili, akaikunja ndani ya yake na kusema imefanya kazi ya kutosha, sasa ipumzike. Alisema kwa mapenzi, hilo hakuna anayelipinga. Lakini Bi Mihuri alijiona kama sufuria inayopinduliwa juu ya rafu baada ya kuoshwa, akaitoa mikono yake mle ndani na kwenda kuchemsha chai.

Wiki ile ile kibanda kikauzwa, na mashine ikaja.

Isidhaniwe kwamba aliielewa. Alijifunza kwa kutazama video kwenye simu, za watu waliozungumza lugha aliyoijua nusu nusu, akizisimamisha na kuzirudisha nyuma hadi kidole kikauma. Alivunja visu vidogo vya kuchongea hadi muuzaji akamzoea sauti. Mara ya kwanza alipoibonyeza ianze, kichwa cha mashine kilishuka moja kwa moja na kutoboa meza, na tundu lile akaliacha vilevile ili limkumbushe kupima kabla ya kubonyeza. Hata hivyo ukaja wakati ambapo aliandika herufi kwenye kompyuta, akazipindua kwa kubonyeza mara moja zitazame kinyume, akafunga kipande cha shaba, na mashine ikachonga muhuri mzima bila mkono wake kuugusa. Alikaa kwenye kiti akiitazama. Haikutetemeka. Ilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ikimwaga chengachenga za shaba juu ya kitambaa cha meza, na Bi Mihuri akahisi furaha ambayo hakuwa ameihisi tangu aolewe, na pengine hata siku hiyo haikuwa kubwa hivyo.

Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mmoja wao alikuwa fundi viatu wa barabara ya pili, mtu wa maneno mengi aliyeshona pia mikanda ya ngozi na kuiita Haikatiki, ingawa kuna waliowahi kuirudisha ikiwa vipande viwili. Alitaka chapa ya kugongea jina hilo kwenye ngozi kwa nyundo. Bi Mihuri alimchongea ya shaba. Baada ya muda mfupi fundi viatu akarudi nayo ikiwa imebonyea kama sabuni ya jana, akasema ngozi yake ni ngumu na nyundo yake ni nzito, anataka chapa ya chuma, na kama yeye hawezi, basi kwenye karakana ya shemeji yake Bi Mihuri wataweza.

Hapo alimgusa pabaya. Shemeji huyo, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa na karakana kubwa yenye mashine za kutosha kuchonga injini nzima. Siku ya kwanza alipoiona mashine ya mezani alizunguka akiitazama, mikono nyuma, akauliza kama inatumia betri. Tangu hapo aliiita "mdoli." Bi Mihuri alimtazama fundi viatu akamwambia chapa ya chuma ataipata hapahapa.

Kumbe mashine haikuwa na nguvu za ahadi hiyo. Alipofunga kipande cha chuma na kushusha kisu, mashine yote ilipiga yowe. Nguzo zake mbili za pembeni, zilizobeba kichwa, zilikuwa nyembamba, na chuma kilipoziambia rudini nyuma zikarudi. Kichwa kilicheza, kisu kikaruka na kukatika, na juu ya chuma kikabaki kijifereji chenye mawimbi. Bi Mihuri aliizima akaikodolea macho.

"Katika nyumba hii wa kutetemeka ni mmoja tu," aliiambia, "na ni mimi."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa matunda, amesikia yowe lote tangu njiani. Aliona kisu kilichokatika kimejichoma kwenye pazia, akaweka matunda chini. Safari hii hakushika mikono ya mtu. Alisema kile kisu kingeweza kuingia jichoni. Alisema yeye ndiye anayewapokea hospitalini watu wa namna hiyo, na kila akipigiwa simu akiwa kazini moyo wake unapasuka kabla hajapokea. Alisema ameshazungumza na yule shemeji wa karakana, karakana itaichukua mashine wanafunzi wake wajifunzie, na yeye atakuja na gari siku ya likizo yake, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kumhamisha.

Bi Mihuri alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Unanihamisha kwa sababu gani hasa? Kwa sababu mimi ni mgonjwa, au kwa sababu hii mashine haiwezi kazi?"

"Mama, vyote viwili."

"Mimi si mgonjwa. Kwa hiyo imebaki mashine. Ikikata chuma, nabaki hapa, na hutanitajia tena chumba chako kile. Isipokata, leta gari, nitapanda mwenyewe bila kushikwa mkono."

Binti alimjua mama yake, akajua hapo hapana pa kusukuma. Pia alilisikia lile yowe kwa masikio yake mwenyewe, na hakuona mashine ile itapataje kukata chuma. Akakubali. Walipeana mikono kama watu wa sokoni.

Basi Bi Mihuri akakaza mkanda. Dawa ya mashine inayocheza ni kuitia mifupa, na mifupa aliitafuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akipindua mabati na milango ya magari hadi akapata mabamba ya alumini, mazito, yaliyokuwa sakafu ya lori. Aliyabeba kwa mkokoteni wa muuza maji. Jirani alipomuuliza anajenga nini, alijibu anajenga miguu.

Na hapa ndipo palipo na jambo ambalo watu wa kazi hii peke yao ndio hulielewa. Vipande vya kuimarisha mashine vinachongwa na mashine yenyewe. Dhaifu hivyohivyo ilivyo, kwa alumini, polepole, inajichongea nguzo mpya, miguu mipya, vishikio vipya. Lakini ukishaifungua na kuvitoa vile vya zamani, haipo tena ya kuchonga chochote. Kwa hiyo sheria ni moja: chonga vyote kwanza, hakikisha, halafu ndiyo ushike spana. Bi Mihuri aliifuata kama dini. Alichora kila kipande kwenye kompyuta, akakichonga, akakisugua kwa msasa, akakipanga sakafuni juu ya shuka. Nguzo mbili nene. Daraja la kuziunganisha. Mwisho, bamba la mota, lile linaloshika mota ya kukipeleka kichwa kushoto na kulia, lenye shimo la mviringo lililochimbwa nusu unene tu, ambamo beringi, ile pete ya chuma inayobeba mhimili unaozunguka, inakaa kwa kubana. Shimo lile lilitoka safi mno hata akalibusu.

Ndipo akaifungua mashine. Aling'oa nguzo za zamani na kuzitupa kwenye ndoo, akafunga mpya, akakaza bolti kwa spana aliyoishika kwa mikono miwili. Mtetemo haukumsumbua, bolti haijali mtu anatetemeka, inajali anakaza. Mashine ikasimama imara, fupi na pana, kama mwanamke aliyeshika kiuno. Kikabaki kipande kimoja. Akachukua bamba la mota, akaliweka upande wa kulia pale linapokaa, na likakataa.

Aliligeuza. Matundu ya bolti yakakubali, lakini shimo la beringi sasa lilitazama nje, kwa majirani. Aliligeuza tena. Shimo likatazama ndani, na matundu yakaenda kombo. Alikaa sakafuni nalo mkononi, kwa sababu alikuwa ameshajua.

Alikuwa amelipindua. Kila siku, kabla ya kuchonga muhuri, alibonyeza mara moja ili maandishi yatazame kinyume, na kidole chake kikawa hakimuulizi tena. Alipochora bamba la mota, kidole kikabonyeza. Vilevile kwa nguzo na daraja, ila hivyo vilikuwa na matundu ya kutoboka hadi upande wa pili, ukivigeuza ni vilevile. Bamba hili lilikuwa na shimo la upande mmoja tu. Alikuwa amechonga muhuri wa bamba badala ya bamba lenyewe, na mashine ya kuchonga jingine ilikuwa hapo mezani, imefumuliwa, haiwezi kujisaidia. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Alilia. Hakuna haja ya kumfichia. Alilia kwa hasira, kwa sauti, akiwa amekaa sakafuni katikati ya bolti, na alichokililia hakikuwa bamba. Alililia wazo kwamba binti yake pengine alikuwa na haki, kwamba sasa si mikono tu, hata kichwa kimeanza kutetemeka.

Shemeji alimkuta hajafuta macho vizuri. Alikuja, alivyosema, kupima mlango, ajue mashine itapitaje Jumamosi. Aliliona bamba, akalichukua, akalielewa mara moja, maana fundi alikuwa fundi, hilo asinyimwe. Hakucheka. Akasema kwa upole kwamba karakanani kwake kipande kama hicho ni kazi ya kabla ya chai, amletee tu.

"Halafu Jumamosi utamwambia nini mwanangu?" Bi Mihuri akamuuliza.

"Nitamwambia ukweli, shemeji. Kwamba nilikusaidia kidogo."

"Na mwanangu atasema, ona, bila mjomba wa karakana mama hawezi."

"Baba mdogo," shemeji alisahihisha.

"Hata ungekuwa babu yake. Niache na bamba langu."

Shemeji aliweka bamba chini, akapima mlango na kuondoka. Bi Mihuri alifunga bamba kwenye jiliwa na kuchukua patasi zake za zamani ili achimbe shimo jingine upande wa pili kwa mkono. Alibana kiwiko kwenye mbavu, akashika pumzi. Patasi ikateleza na kuacha mkwaruzo. Akajaribu tena, ikaacha wa pili. Beringi haitaki karibu na sawa, inataka sawa, na mkono ule haukuwa na sawa tena ndani yake. Akaweka patasi kabla hajaharibu hata kile alichokuwa nacho.

Usiku huo alilala bila kula, na alfajiri aliamka bado amekasirika, jambo lililomfaa, maana huzuni ingemlaza kitandani. Alisimama mbele ya mashine amelishika bamba, akiliita kimoyomoyo jina baya. Ulikuwa muhuri. Muhuri unatazama kinyume. Na muhuri, alijiambia huku akizunguka meza, hauna kosa; unasubiri tu upande wake.

Akaenda upande wa kushoto wa mashine na kuliweka bamba pale. Likaingia. Matundu yakapokea bolti, shimo likatazama ndani, na beringi ikajibana mahali pake kwa mlio mdogo kama wa ulimi. Nguzo za kushoto na kulia zilikuwa pacha. Lililokataa kulia lilikuwa limechongwa kwa ajili ya kushoto tangu mwanzo. Bi Mihuri alisimama ameshika kiuno, akaanza kucheka peke yake, na akacheka hadi akakaa.

Ilimchukua siku nzima kuhamisha mota upande wa pili, kurefusha nyaya na kufunika viungio. Jua lilipoanza kushuka aliiwasha. Akabonyeza mshale wa kulia, na kichwa kikaenda kushoto. Bila shaka. Mota ikihama upande, amri nazo zinageuka. Kwenye kompyuta kulikuwa na mahali pa kurekebisha hilo kwa kubonyeza mara moja tu. Alikipeleka kidole pale, na kidole kikasita. Mashine hii sasa ukiipa neno, italichonga kinyume yenyewe. Asipindue tena. Yeye aliyepinduapindua ulimwengu kwa miaka yote ile, kidole chake kiwe huru kusahau. Akaiacha vilevile.

Jumamosi walikuja wote. Gari lilisimama mlangoni na dereva akaingia na kamba begani, akitafuta la kubeba. Binti aliingia amevaa nguo za kazi ya nyumbani. Shemeji alikuja na blanketi la kufungia mashine. Fundi viatu, ambaye hakualikwa na mtu, alikuja na nyundo na kipande cha ngozi.

Bi Mihuri aliwakaribisha viti, akamwambia shemeji achague chuma yeye mwenyewe, asije akasema ametegewa. Shemeji akatoa kipande mfukoni. Alikuwa amekuja nacho. Bi Mihuri akapitisha tupa, chuma cha kunolea, pembeni yake kidogo. Tupa ikauma, ishara kwamba hakikuwa chuma kilichochomwa ili kiwe kigumu kisikatike. Akamshukuru kwa uungwana wake, akakifunga mezani.

"Ngoja niisogeze mahali pake," alisema shemeji, akiwa na haraka ya mtu anayejua. Akabonyeza mshale wa kulia. Kichwa kikaenda kushoto, almanusura kigonge jiliwa. Akabonyeza kushoto, kikaenda kulia. Akarudi nyuma. "Shemeji, hii imeharibika. Inakwenda kinyume."

"Haijaharibika. Imenizoea."

"Mimi siwezi kuwapa wanafunzi kitu kama hiki. Kila watakachochonga kitatoka kinyume."

"Basi usiwape," alisema Bi Mihuri, akamwondoa mbele ya mashine kwa bega.

Akatia matone ya mafuta juu ya chuma. Akawapa wote miwani ya kukinga macho, pamoja na dereva, na ya kwanza akamvisha binti yake. Kisha akabonyeza.

Kisu kikagusa chuma, na chumba chote kikasubiri yowe. Halikuja. Ilikuja sauti moja nzito, iliyonyooka, na moshi mwembamba wa mafuta, na vumbi la chuma lililong'aa likaanza kujikusanya pembeni ya kisu. Kisu kilikula kidogo, kikazunguka, kikarudi, kikala kidogo tena. Nguzo za sakafu ya lori hazikuyumba hata unywele. Shemeji aliinama, akaweka kiganja kwenye nguzo, akakiacha hapo muda mrefu. Mkono wa mtu ukigusa hauwezi kusema uongo, na uso wake ukabadilika.

"Imetulia," alisema. Alikuwa mtu wa haki.

Herufi zilipotoka zote, Bi Mihuri alifungua kile chuma, akakisafisha kwa brashi, akamkabidhi fundi viatu. Fundi viatu akakiweka juu ya ngozi, akapiga nyundo yake nzito mara moja, kama anayemgombeza mtu. Akainua. Kwenye ngozi palisomeka Haikatiki, kila herufi imesimama wima. Akageuza chapa na kuikagua. Haikuwa na alama. Akasema sasa mikanda yake itakuwa haikatiki kwa jina, na kilichobaki ni mikanda yenyewe, na hapo watu wakacheka, isipokuwa binti.

Binti alikuwa amevua miwani na kuishika mbele ya tumbo. "Umeshinda, Mama," alisema. "Nimekubali. Lakini mimi bado naogopa. Naogopa siku moja nitafungua mlango huu nikukute umeanguka hapo chini."

Bi Mihuri alijua kwamba hilo si la mashine.

"Inawezekana," alisema. "Siwezi kukuahidi kwamba sitaanguka. Lakini nikianguka nitaanguka nikiwa nimesimama kazini, mwanangu. Kule kwako ningeanguka nimekaa. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi."

Shemeji alianza kulikunja blanketi lake taratibu. Dereva, ambaye alikuwa amesimama na kamba muda wote huo, akakohoa na kusema samahani, yeye ana safari nyingine, sasa wanabeba nini?

"Hatubebi kitu," alisema binti. "Rudi tu."

"Hakuna kurudi," alisema Bi Mihuri. "Gari limekuja, lisiondoke tupu. Pita kule chumba cha nyuma, ubebe kitanda."

Binti akageuka. "Mama, kile ni kitanda changu. Nimekilalia tangu utoto."

"Ndiyo maana kinakwenda kwako. Kiweke kwenye kile chumba ulichopaka rangi. Nikija kukutembelea nitalala juu yake, tena nitakuja mara kwa mara, na asubuhi nitarudi kazini. Hicho chumba cha nyuma nakitaka mimi. Mashine inahamia huko, nimechoka kula sahani ikiwa mapajani."

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, binti akacheka, machozi yakiwa yamesimama machoni, akaenda chumba cha nyuma kutandua shuka.

Dereva alitaka kubeba peke yake, na shemeji akajitolea kusaidia, lakini Bi Mihuri aliwaambia wote wawili wasogee. Binti akashika upande wa kichwani, mama akashika upande wa miguuni. Walipita sebuleni wakiizunguka mashine, wakatoka mlangoni, wakashuka ngazi. Mikono ya mama ilitetemeka njia nzima mpaka garini, na kitanda hakikuanguka.